Taa ya injini inawaka ukiachia resi, sio ukikanyaga

Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wako niko Makambako. Nina Hilux D-4D ya 2007, injini 2KD ile ya 2.5, gia za mkono, nilinunua kwa mtu mwaka juzi ikiwa na kilomita 310,000. Kazi yake ni kushusha viazi Dar na kurudi na mzigo wa duka. Huu mwezi wa tano sasa taa ya injini inanitesa. Ikiwaka gari inakufa nguvu, hata ukanyage vipi inajivuta tu, nikizima nikawasha nguvu inarudi ila taa inabaki siku mbili tatu, halafu inazima yenyewe nashukuru Mungu, halafu wiki inayofuata tena. Mara nyingi inanifanyia kwenye milima. Juzi ilikuwa Kitonga narudi na sukari na mafuta ya kula, niko gia ya tatu gari imeanza kuchoka nikaachia resi nirudishe namba mbili, hapo hapo taa paa, malori nyuma yananipigia honi, kijana wangu ikabidi aruke na jiwe akazuie tairi.

Fundi wa kwanza alisema filta ya dizeli, tukabadili. Wa pili akasema EGR, ile valvu ya kurudisha moshi kidogo kwenye injini, imejaa masizi, akaiziba na kibati, ndo kwanza taa ikazidi. Wa tatu ana kidude cha kuunganisha na simu, kikaleta namba za kosa P1229 na P0400, na simu ikaandika P1229 maana yake ni pampu ya intakula, ile ya kupoza hewa inayoingia kwenye injini, tumeitafuta hiyo pampu gari nzima hatujaiona. Wa nne anasema nozeli zote 4 zimekwisha ninunue seti, mwingine anasema kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Kila mmoja akimaliza kazi anachomoa terminali ya betri, taa inazima narudi nyumbani na matumaini. Kingine, asubuhi gari ikiwa ya baridi sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga resi, inapanda na kushuka kama mtu anayehema. Mafuta nanunua vituoni, ila nikiwa njiani mara moja moja nachukua ya madumu maana bei yake inasaidia. Nifanyeje fundi, nimeshauza ng'ombe mmoja kwa ajili ya hii gari.
*Msomaji, Makambako*

Marahaba mdogo wangu, na pole ya ng'ombe. Ila nakwambia ukweli, jibu la tatizo lako umeliandika mwenyewe kwenye hiyo barua, katikati kabisa, na mafundi watano wamelipita kwa sababu walikuwa wanauliza kitu gani kimekufa badala ya kuuliza taa imewaka saa ngapi, mguu wako ulikuwa wapi.

Umesema ulikuwa namba tatu, ukaachia resi urudishe mbili, hapo hapo taa. Wewe unaita hiyo "kwenye mlima". Mimi naiita "nilipoachia resi". Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, subiri utaona.

Tuanze na hiyo P1229 kwanza maana imewapoteza vibaya. Namba zinazoanza na P0 ni za watu wote, ukizikuta kwenye Toyota, Nissan, Ford, maana ni ileile. Zinazoanza na P1 kila kiwanda kina za kwake. Sasa hivi vidude vya simu vingi vikikutana na P1 vinachukua tu maana yoyote iliyomo humo ndani, na P1229 kwa Ford ni habari ya pampu ya kupoza hewa ya intakula, ndo hiyo mliyokuwa mnaitafuta uvunguni. Hilux yako haina pampu hiyo na haijawahi kuwa nayo. Kwa Toyota dizeli, P1229 maana yake presha ya dizeli imekaa juu kuliko ile kompyuta iliyoagiza, na kompyuta imejaribu kuishusha, imeshindwa.

Rudia hapo. Juu. Sio chini. Yule anayekuuzia nozeli 4 anakueleza habari ya injini iliyokosa mafuta, wakati injini yako imelalamika kwamba mafuta yamezidi.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi maana ukishaelewa hapa hakuna fundi atakayekuzungusha tena. Zile injini za dizeli za Toyota za zamani, 2L na 3L, pampu ilikuwa inapiga dizeli moja kwa moja kwenye kila nozeli kwa zamu yake. Hii yako sio hivyo. Pampu inasukuma dizeli kwenye bomba moja nene la chuma, tunaliita reli, halafu nozeli 4 zinachota humo zikiamriwa na kompyuta. Ikiwa sailensa ndani ya reli kuna presha kama ya MPa 30 hadi 40, ukikanyaga inapanda, mwisho wake ni kwenye 160 hivi. MPa 160 ni bar 1600, na tairi la lori lililojaa vizuri lina bar kama 8, kwa hiyo unaona tunacheza na nini hapo. Sasa anayeamua presha ipande au ishuke ni kidubwasha kidogo kama kidole gumba kimefungwa kwenye pampu kwa boliti 2, kina plagi ya waya mbili, kinaitwa SCV. Hicho ndo mlango. Kompyuta ikitaka presha ndogo inakiambia bana mlango, dizeli inayoingia kwenye pampu inapungua, reli inashuka. Ikitaka kubwa, fungua.

Njoo Kitonga sasa. Una mzigo, mguu uko chini, kompyuta imeagiza presha kubwa na mlango uko wazi. Ghafla unaachia resi ili ubadili gia. Sekunde hiyo hiyo kompyuta inaagiza presha ndogo, bana mlango, na mlango haubani kwa wakati kwa sababu ndani kile kipistoni kidogo kimechubuka au kimeshika uchafu kinakwama kwama. Pampu inaendelea kusukuma, nozeli hazichoti kwa sababu umeachia, presha inabaki juu. Kompyuta inaangalia, inaona nimesema shuka haishuki, inawasha taa na inakata nguvu ili kulinda injini. Wewe unaona gari imeshindwa mlima. Mlima hauna kosa hapo, ni vile tu kwenye mlima ndo unabadili gia mguu ukitokea chini kabisa. Nikuulize, hivi haijawahi kukufanyia tambarare ukiwa unaovateki halafu ukaghairi ghafla ukaachia? Jaribu kukumbuka.

Na hiyo sailensa ya asubuhi kupanda na kushuka ndo inanifanya niweke mkono mezani kwamba tunaongelea SCV. Mlango unaokwama hauwezi kukaa nusu, unafungua ukizidisha, unabana ukizidisha, na injini inakufuata hivyo hivyo. Mtu anayehema, umesema vizuri sana, sijui kwa nini hao mafundi hawakusikiliza.

Lakini usiende kununua kesho. Mimi mwenyewe sinunui spea kwa kusikia tu, tunapima. Tafuta fundi mwenye mashine inayojua Toyota kweli, sio ya simu, Makambako kama hakuna basi Iringa au Mbeya hukosi. Injini ipate moto kabisa, halafu kwenye ile sehemu ya data zinazotembea mwambie afungue mistari miwili, presha inayotakiwa ya reli na presha iliyopo. Mwingine apandishe resi mpaka 3,000 aachie ghafla, mara tatu nne. SCV nzima utaona mistari hiyo miwili inaenda pamoja kama mtu na kivuli chake. Iliyokwama, ule wa inayotakiwa utaanguka na ule wa iliyopo utabaki juu kidogo ndo ufuate, na kwenye sailensa utaona inacheza juu chini bila mtu kugusa kitu. Ukiona hivyo umemaliza. Halafu akiwa hapo hapo afungue sehemu ya marekebisho ya nozeli, zitatokea namba 4, kila nozeli na yake. Kwa hizi injini zikiwa sailensa na ya moto zinatakiwa ziwe kati ya hasi 3 na chanya 3. Zikiwa humo, nozeli zako hazina deni na mtu na hiyo seti abaki nayo mwenye duka.

Jambo la dakika moja ambalo wengi wanaruka, gari ikiwa imelala usiku kucha, weka swichi ON bila kuwasha, soma presha ya reli. Injini haizunguki, kwa hiyo inatakiwa isome sifuri au karibu na sifuri. Ikikwambia kuna MPa 15 wakati gari imelala toka jana basi sensa ya reli ndo muongo, na SCV ungeibadili bure. Nimeona mara mbili tu maishani lakini nimeona.

Kuna fundi atachukua mita apime SCV akute ohmu 2 na kitu, akwambie nzima. Hizo ohmu zinasema koili, ule waya wa ndani yake, haijakatika, basi. Kukwama ni habari ya chuma sio ya umeme, na kama koili ingekatika ungekuwa unaona P0627 na sio hii. Na kuna mwingine ataichomoa aisafishe na spirei ya kabureta airudishe, gari itapendeza wiki mbili tatu ukampigia simu kumshukuru, halafu Kitonga tena. Kusafisha ni sawa kama unataka kuhakikisha kwamba ndo yenyewe, lakini usihesabu kwamba umetengeneza.

Ukinunua, nenda na ile ya zamani mkononi, linganisha namba iliyochorwa, plagi, na urefu. Kariakoo na Gerezani zipo za kila aina na feki ni nyingi mno, ile ya bei ya kushangaza itakushangaza kweli. Kabla ya kufungua, pale kwenye pampu paoshwe pasuguliwe na pakauke kabisa, chembe moja ya mchanga ikiingia humo umeua kipya chako siku hiyo hiyo. O-ring inapakwa dizeli safi, sio grisi. Filta mpya pia hata kama ile uliyobadili haijamaliza mwezi, na maji ya chini ya filta yamwagwe, halafu upigwe ule mkono wa kupampu wa juu ya filta mpaka uwe mgumu kabla hujagusa swichi. Mwisho mashine iifundishe kompyuta pampu upya, maana kompyuta imeshazoea mlango mbovu, imejifunza kuuvumilia kwa miezi mitano, ukiweka mzima bila kuiambia itaendelea kufanya hesabu za mgonjwa.

Halafu naomba hapa unisikilize kuliko kote. Akija fundi wa enzi za 2L akataka kulegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inanguruma ili asikilize ipi inamisi, mzuie. Kwenye injini za zamani tulikuwa tunafanya hivyo kila siku na kuchafuka mikono tu. Kwenye bar mia kadhaa dizeli inatoboa ngozi kama sindano, inaingia kwenye nyama, na mkono unaweza kukatwa. Kidonda kinakuwa kidogo kama umechomwa na mwiba, mtu anajifuta anaendelea na kazi, usiku ndo anakimbizwa hospitali.

Sasa kuchomoa betri. Kila taa inapowaka kompyuta inaandika pembeni picha ya sekunde ile, spidi ilikuwa ngapi, resi ngapi, injini ilikuwa na joto gani, presha ngapi. Ndo ushahidi. Mafundi watano wamekuja eneo la tukio na wote wamefanya jambo moja, wamepiga deki. Taa kuzima hakuna maana umepona, hata inapozima yenyewe ni kwamba kompyuta imeona safari kadhaa safi, kwa kawaida 3, ikaamua kunyamaza, lakini namba inabaki ndani kwenye kumbukumbu muda mrefu tu. Kwa hiyo ikiwaka tena usiifute. Andika kwenye karatasi ulikuwa gia gani, mguu ulikuwa wapi, tenki lilikuwa na kiasi gani, asubuhi au mchana, umejaza wapi mara ya mwisho. Karatasi hiyo inamshinda fundi mwenye mashine ya mamilioni asiyeuliza swali.

P0400 nayo hiyo mmeitengeneza wenyewe. EGR inatakiwa ipitishe moshi kidogo urudi kwenye injini, ukiweka kibati kompyuta inafungua valvu inasubiri mabadiliko haioni kitu, inaandika. Mtoe kibati, valvu ifunguliwe isafishwe masizi irudi mahali pake. Najua mtaani watu wanaziba na wanasema gari inakuwa nyepesi, sitaki kubishana leo, ninachosema huwezi kutafuta taa moja huku unawasha nyingine kwa mkono wako.

Na madumu. Nilikuwa nangoja ufike hapo na nashukuru umekuwa mkweli. Pampu yako na hiyo SCV hazina oili yoyote inayozilainisha isipokuwa dizeli yenyewe inayopita. Ukichanganya mafuta ya taa, ambayo ni makavu, unasugua chuma kwa chuma. Sisi wa umri wangu tunakumbuka uchakachuaji ulivyokuwa, mafuta ya taa yakiwa bei chini kuliko dizeli kila mjanja alikuwa anachanganya, mpaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili isiwe na faida tena, na Kenya nao wakaja kufanya kitu kama hicho 2018. Kuna na ule utaratibu wa vinasaba, alama inayowekwa kwenye mafuta ya vituoni ili yakichanganywa ijulikane. Dumu la pembeni ya barabara halina kinasaba wala jina, limechotwa kwenye tenki la nani, kwa mpira gani, limekaa na maji kiasi gani, hakuna anayejua hata anayekuuzia. Unaokoa shilingi mia kadhaa kwa lita na unalipa kwa ng'ombe.

Kama baada ya haya yote mistari ile miwili inaenda pamoja vizuri na SCV haina kosa, basi tutaongea habari ya pampu yenyewe, na hapo nitataka uniandikie tena ukiwa na namba mkononi. Ikitokea huko mbele nozeli zikatolewa kwa sababu yoyote ile, usikubali zirudi na wosha zake za kopa za zamani. Zikivujisha, moshi unapenya unaingia kwenye oili, oili inakuwa tope, tope linaziba ile chujio ya chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, na injini inakufa kwa kiu huku stiki inaonyesha oili imejaa. Kuna D-4D nyingi zimeondoka hivyo na ikaandikwa "injini imechoka".

---

Sasa fundi, habari ya kazi. Niko Kitale, nina pikapu Hilux ya 1999, petroli, injini 3RZ. Taa ya check engine imekataa kuzima miezi minne sasa. Makanika wa hapa amejaribu mashine yake ikakataa kuongea na gari kabisa, ananiambia niende Nairobi. Gari inatembea poa, ila wakati mwingine nikifika kwa bampu nikisimama inazima. Na kitu kingine kidogo tu, spidomita ilikufa, lakini hiyo sijali, barabara ya kwetu huwezi kukimbia.
*Msomaji, Kitale*

Salama kabisa. Usiende Nairobi. Na hicho ulichokiita kitu kidogo tu ndo ugonjwa wenyewe, karibu nikuwekee dau.

Gari ya umri huo nyingi hazihitaji mashine, zinasema zenyewe kwa kukonyeza. Fungua boneti utafute kasanduku kadogo keusi ka plastiki, kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Tafuta TE1 na E1, chukua kipande kifupi cha waya uliochunwa pande zote mbili, unganisha matundu hayo mawili na hayo tu, ukikosea ukagusa lile la +B, la umeme wa betri, utachoma fyuzi au zaidi ya fyuzi. Zima AC, gia iwe nyutro, mguu mbali na resi, swichi ON bila kuwasha. Taa itaanza kukonyeza. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika hakuna kosa lililoandikwa. Ikikonyeza mara nne, ikapumzika kidogo, ikakonyeza mara mbili, hiyo ni 42, na 42 kwa Toyota ni kwamba kompyuta haipati habari ya spidi.

Spidi inayoiendesha spidomita ndo hiyo hiyo inayoiambia kompyuta gari iko kwenye mwendo au imesimama. Ikipotea, kompyuta haijui kama unakaribia kusimama, haishiki sailensa mapema, ndo maana unafika kwa bampu inazima. Ingia chini uangalie kwenye giaboksi. Kama ya kwako ni ya kebo utakuta imekatika au kile kigia cha plastiki kimeliwa meno, na kama ni ya waya basi fuata waya wa sensa kwa vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho, hasa pale unapopita karibu na ekzosti, mara nyingi umeungua ukakatikia ndani ya ganda na kwa macho unauona mzima. Ukivuta kidogo unarefuka kama mpira. Hapo ndo pamekatika.

Ukipata namba nyingine sio 42 usikate tamaa, 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni ya kwenye throto, 21 ni oksijeni, na 51 mara nyingi ni kwamba umesahau AC au mguu uko kwenye resi wakati unasoma. Ukishatengeneza, kwenye gari yako hii ndo unaruhusiwa kufuta, toa fyuzi ya EFI sekunde 30 rudisha. Baada ya kutengeneza lakini, umesikia.

---

Fundi habari za kazi, mimi ni mwalimu hapa Morogoro, tunataka kununua pikapu iliyotumika ya kikundi chetu cha akina mama cha mboga. Muuzaji anasema taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja tangu ainunue. Mimi si mtu wa magari, nitajuaje kama anasema kweli?
*Mwalimu, Morogoro*

Nzuri mwalimu, na hilo neno lake "haijawahi kuwaka" lenyewe linanipa wasiwasi, kwa sababu taa nzima lazima iwake. Kila siku. Ukizungusha ufunguo mpaka ON kabla ya kuwasha injini, taa zote zinatakiwa zijitokeze pale kwenye dashibodi, ya oili, ya betri, na ya injini ikiwemo, ndo namna gari inavyokuonyesha kwamba balbu zake ziko hai. Ukiwasha, ndo zinazima. Usipoiona ya injini kwenye ON basi imechomolewa balbu au kuna kipande cha gundi nyeusi nyuma ya dashibodi, nimewahi kukuta hata rangi ya kucha.

Wajanja zaidi wanaunga waya wa taa ya injini kwenye ile ya oili au ya betri, hivyo ukiweka ON inawaka vizuri na ukiwasha inazima vizuri na wewe unaridhika. Ya hivyo unaikamata kwa macho. Zinazima pamoja, kwa sekunde ileile kabisa, kama zimefungwa kamba moja, wakati kwenye gari isiyochezewa kila taa ina muda wake japo tofauti ni ndogo. Chukua video kwa simu halafu iangalie taratibu ukiwa nyumbani. Na kabla ya kutoa pesa mkodi fundi mwenye mashine aisome, ikiwa haina kumbukumbu yoyote kabisa kwenye gari ya miaka 15 au 20 na muuzaji anasema hajawahi kupima, muulize kwa upole betri imechomolewa lini.

Nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwambie kabla hujaenda kwamba asiiwashe mpaka ufike, na ukifika weka mkono juu ya boneti. Kama boneti ina moto, mshukuru, rudi siku nyingine. Na akikimbilia kuwasha injini kabla hujamaliza kuhesabu hizo taa, mwambie azime, aanze tena, pole pole.